Tumbo la Rubani

Mjomba Ishtiaq hakungoja hata kuketi. Alisimama mlangoni na makopo ya halua ya Multan tele mikononi, vumbi la treni bado limemganda kwenye ndevu, akapaza sauti hadi majirani wa ghorofa ya juu wakachungulia.

"Yuko wapi rubani wangu? Nitoleeni rubani wangu nimwone!"

Tabrez alikuwa jikoni akimsaidia mama yake kumenya lozi za kutia kwenye tambi za maziwa. Aliposikia neno lile, lozi ilimponyoka ikatumbukia sufuriani na ganda lake. Akajipangusa mikono, akajitengenezea tabasamu, akatoka kwenda kukumbatiwa.

"Mashallah! Mashallah! Mtazameni mabega yake!" Mjomba alimgeuza huku na huku kama mtu anayekagua fahali sokoni. "Hania, njoo umsalimie kaka yako. Huyu ndiye yule niliyekwambia anakaa juu ya mawingu."

Hania, bintiye Mjomba, aliyekuwa hajaanza hata kung'oa meno ya utoto, alimtazama Tabrez kutoka miguuni hadi kichwani kisha akauliza, "Mbona ana miguu ya kawaida?"

Watu wakacheka. Tabrez akacheka kuliko wote, maana kicheko kilimpa nafasi ya kuangalia chini.

Huo ulikuwa mkesha wa Idi, mwezi umeshaonekana, mitaa ya Nazimabad, jijini Karachi, inapasuka kwa fataki na honi za pikipiki. Tabrez alikuwa amewasili siku hiyo hiyo asubuhi kutoka chuo cha jeshi la anga kule kaskazini. Njia nzima, treni ikikata mashamba ya miwa na ya pamba, alikuwa akiyapanga maneno. Atamwambia mama kwanza, jikoni. Halafu mama atamwambia baba. Halafu yeye atalala siku mbili bila kuamka. Lakini jikoni mama hakunyamaza hata mara moja, na alipokuja kunyamaza, Mjomba akawa mlangoni.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitoa. Tabrez hakuwa rubani tena. Walikuwa wamemtoa kabla ya Ramadhani kuandama.

Hakukosa akili wala bidii. Ndege ndogo ya mafunzo ikienda sawasawa, aliiongoza vizuri kuliko wenzake wengi. Lakini mkufunzi akiipindua, ardhi ikawa juu na mbingu ikawa chini, tumbo la Tabrez nalo lilipinduka, na chote alichokula kilirudi. Walimpa dawa. Walimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka wakamzungusha asubuhi na jioni, ati mwili uzoee. Mwili ulikataa. Mwishowe mkufunzi wake, mtu mpole mwenye masharubu yaliyoanza mvi, alimketisha kwenye benchi nje ya hanga la ndege akamwambia, "Macho yako mazuri. Mikono yako mizuri. Kichwa chako kizuri. Tumbo ndilo limegoma, na tumbo, kijana wangu, halipokei amri." Wakampa njia mbili: arudi kwao, au abaki jeshini ajifunze kazi ya kuongoza ndege kutoka mnarani. Jibu alete baada ya Idi.

Sasa Idi ilikuwa imefika, na nyumba nzima inamwita rubani.

Aliyemwogopesha zaidi ni baba yake. Mzee Mukarram alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, ana duka dogo kule Liaquatabad, mtu wa maneno machache. Nyumba yao ilikuwa chini ya njia ya ndege zinazoshuka kutua, na kila moja ilipopita, baba aliacha alichokuwa akikifanya. Kama ni kijiko, kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Kama ni sala ya sunna, aliirefusha sijda. Alisikiliza hadi mngurumo upotee kabisa, ndipo akaendelea. Tabrez alikuwa amemwona hivyo kila likizo tangu yeye ajiunge na chuo, akajua moyoni mwake: huyu mzee anaona fahari hata hawezi kula. Nami ndiye nitakayemnyang'anya.

Siku ya Idi mosi ilipita kwa kukumbatiana. Waliokuja walikuwa na swali moja tu. Mwenye duka la maziwa alitaka kujua kama kutoka juu Tabrez huliona paa lao. "Siku hiyo palikuwa na ukungu," Tabrez akajibu. Jirani mmoja alitaka kujua kama huko juu mtu husikia baridi. "Kidogo." Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia.

Mahrukh, dada yake mdogo, alikuwa akimtazama tu. Jioni alimfuata darini alikokwenda kuanua nguo.

"Una nini wewe?"

"Nina nini?"

"Zamani ulikuwa ukichora ndege hadi kwenye ukuta wa choo. Mtu akikuuliza saa, unamjibu kwa habari za injini. Leo ukiulizwa unaona haya kama bibi harusi."

Tabrez alishika kamba ya nguo. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. "Mahrukh," akaanza, "kule chuoni..."

"Jamani, mko wapi?" Sauti ya Mjomba ilipanda ngazi kabla ya mwenyewe. Alitokea akihema, shalwar kamiz mpya imelowa jasho kwapani. "Nimeshapanga! Kesho Idi pili wote tunakwenda kwenye makumbusho ya ndege za kivita. Gari nimeshakodi. Watu wengine watakwenda na kusoma vibao. Sisi tuna rubani wetu wa kutusomea!"

Mahrukh alimtazama kaka yake. Uso wa Tabrez ulikuwa umepauka kama kanzu zilizokuwa kambani.

Asubuhi walijipakia kwenye kigari cha Suzuki, bibi mbele kwa sababu ya magoti yake, wengine nyuma, sufuria la biriani miguuni pa mama. Bibi, mama yake Mukarram, alikuwa mkongwe aliyesikia alichotaka kukisikia na kukiacha kingine kipite. Njia nzima alimlaumu dereva kwa mashimo ya barabarani kana kwamba ameyachimba mwenyewe.

Karachi yote ilikuwa imepata wazo lile lile. Langoni palikuwa na bahari ya watoto waliovaa nguo zinazometameta, wasichana wenye hina hadi viwiko, akina baba waliobeba viatu vya watoto waliokataa kuvaa viatu. Ndani, ndege zilikuwa zimeegeshwa kwenye nyasi, moja huku, nyingine kule, rangi zimeanza kuchujuka kwa jua. Chini ya mabawa familia zilikuwa zimetandika shuka na kupanga vyombo. Bawa lililowahi kubeba makombora lilikuwa sasa linawapa kivuli akina mama wanaokata vitunguu.

"Haya, rubani," Mjomba akasema, akisugua viganja. "Anza."

Tabrez alianza kwa kulazimika. Aliwaonyesha ndege ya Sabre, ile yenye mdomo ulio wazi kama samaki anayetaka kumeza. Akaeleza hewa inavyoingia pale mbele, inavyobanwa, inavyowashwa, inavyotoka nyuma kwa kishindo. Akaeleza kwa nini mabawa yamelazwa nyuma. Hania akauliza ndege hulalaje, na Tabrez akamwinua akamwonyesha mahali magurudumu yanapojikunja, "kama kuku anavyokunja miguu." Watu wasiowajua wakaanza kusogea. Mzee mmoja na wajukuu zake. Vijana wanne waliokuwa wakipiga picha. Bila kujijua, Tabrez alipaza sauti. Alisahau. Aliwapitisha kwenye ndege moja hadi nyingine, akiwagusisha misumari ya chuma ilivyolazwa sawasawa na bati ili upepo usikwame, na macho yake yakang'aa kama zamani.

"Mpwa wangu," Mjomba alikuwa akiwanong'oneza watu kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Rubani wa kivita. Damu ya dada yangu."

Kisha Hania akauliza, na aliuliza kama watoto wanavyouliza, bila kubadili sauti: "Na wewe ukiwa juu, utaanguka?"

Mama akasema, "Astaghfirullah, mtoto huyu!" Shangazi Rifat, mke wa Mjomba, akamfinya binti yake begani. Na Mzee Mukarram, aliyekuwa nyuma ya wote, akageuka akaondoka. Alitembea haraka hadi kwenye kibanda cha maji akasimama pale, amewapa mgongo.

"Shemeji, vipi?" Mjomba aliita. "Joto limekushinda?"

Baba alipunga mkono bila kugeuka. Tabrez akamwona, na ile furaha iliyokuwa imemjia ikazimika. Hata neno la kuanguka hawezi kulisikia, akawaza. Nitamwambiaje kwamba nimeshaanguka, na nimeanguka nikiwa chini?

Mahali palipokuwa na foleni ndefu kuliko zote palikuwa nyuma ya hanga kubwa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta kwa ajili ya sikukuu sanduku la chuma, ndani lina viti viwili, usukani na skrini pana. Mtu akiingia, mlango hufungwa, na mitambo hulitikisa na kulipindua sanduku kama ndege ya kweli. Vijana walikuwa wakitoka wakiyumba na kucheka. Mjomba alipoliona, aliachama.

"Hili ndilo! Hili ndilo! Tabrez, ingia uwaonyeshe watoto wa watu kazi!"

"Hapana, Mjomba. Hiki ni kitu cha watoto."

"Basi utaingia na mtoto. Hania anataka."

"Sitaki," alisema Hania.

"Anataka. Ndugu zangu, tupisheni! Rubani wa jeshi huyu, msimweke foleni kama muuza viazi." Na watu, kwa heshima ya sare ambayo Tabrez hata hakuwa ameivaa, wakapisha. Vijana wale wanne wakatoa simu kupiga picha. Mtu akaanza kupiga makofi.

"Mjomba, tafadhali," Tabrez alisema chinichini. "Bado nimeshiba biriani ya asubuhi."

"Rubani anaogopa biriani!" Mjomba akacheka, akamsukuma mgongoni kwa mapenzi. Mahrukh alisema, "Mwacheni, jamani," lakini sauti yake ilimezwa na makofi. Mlango ukafungwa, Tabrez ndani peke yake.

Nje waliliona sanduku likiinama mbele, likiinuka, likilala ubavu. Juu yake palikuwa na skrini ndogo iliyoonyesha kinachotendeka ndani, na Mjomba akawa mtangazaji. "Anapaa! Mnaona? Anapaa kwa utulivu! Sasa anageuka, sasa anaipindua... haya, haya... oho."

Kwenye skrini, Tabrez alikuwa ameachia usukani na kuziba mdomo kwa mikono miwili.

Alipofunguliwa alitoka akiwa rangi ya majivu, akapiga hatua kadhaa zisizo na mwelekeo, akaupata mti wa mwashoki kando ya njia, na hapo biriani ya mama, tambi za maziwa, na halua ya Multan vikatoka mbele ya umati wote.

Makofi yakakatika. Kijana mmoja akacheka, mwenzake akampiga kiwiko. Shangazi Rifat akasema ni husuda, watu wamemtazama mno, achomewe pilipili za kuondoa kijicho akifika nyumbani. Mjomba akasema ni zile dengu za ukwaju za pale langoni, yeye alizitilia shaka tangu mwanzo. Mama alikuwa akiita maji, maji, huku chupa ya maji iko mkononi mwake.

Mzee Mukarram alipita katikati yao wote. Alimshika mwanawe mkono juu ya kiwiko, akamwongoza taratibu, mbali na watu, hadi chini ya bawa la ndege kubwa ya mizigo iliyokuwa imekaa peke yake mwisho wa uwanja. Akamketisha nyasini. Akalowesha kitambaa chake cha mfukoni, akampangusa uso kama alivyompangusa alipokuwa mdogo akitoka kucheza.

"Ni mara ya kwanza?"

Tabrez alitikisa kichwa.

"Ni kila mara?"

"Kila inapopinduka, Baba."

"Na huko chuoni wanasemaje?"

Hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. "Wamenitoa," Tabrez alisema. "Kabla ya Ramadhani. Siwezi kuwa rubani. Nilitaka kuwaambieni nilipofika, nikashindwa. Nisamehe, Baba."

Mzee Mukarram aliweka viganja vyake nyasini, kulia na kushoto, kama mtu anayehakikisha ardhi ipo.

"Rudia."

"Wamenitoa. Nisamehe."

"Hutapanda tena hizi ndege?"

"Sitapanda."

Baba alivua kofia yake. Akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tabrez alitaka nyasi zifunguke zimmeze. Hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya kumzika babu. "Baba," akamwita, "Baba, usi..."

"Alhamdulillah," baba akasema. "Alhamdulillah. Ee Mola wangu, alhamdulillah." Na alipoinua uso, machozi yalikuwa yakimtiririka hadi ndevuni, lakini alikuwa akicheka, kicheko cha ajabu kisicho na mlio, kinywa wazi, meno yote nje.

Tabrez alimtazama asielewe.

"Unajua mara ya mwisho nimelala usingizi wa kweli lini?" baba akauliza. "Usiku ule kabla hujapanda treni kwenda huko. Tangu hapo silali, najilaza tu. Unakumbuka masika yale, televisheni ilipotangaza ndege ya mafunzo imeanguka na jina halikutajwa? Nilikuwa dukani. Nilimwacha mteja na cherehani yake imefunguliwa mezani, nikapanda pikipiki, nikazunguka mji huu hadi mafuta yakaisha. Niliogopa kurudi nyumbani. Nilihofia nitakuta viatu vingi mlangoni. Mpaka mama yako aliponipigia akasema umepiga simu unataka utumiwe achari. Achari! Nilikaa kando ya barabara nikaibusu simu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Tangu huwezi kufunga vifungo vyako unalala na ndege ya bati kifuani. Ningesema acha, ungeacha. Halafu ungekuwa unanitazama maisha yote kwa jicho la lawama. Nikasema, bora niogope mimi peke yangu."

"Nami nilidhani..." Tabrez alishindwa kujizuia, akacheka, na kucheka kukamuumiza tumbo. "Kila ndege ikipita unaacha kula. Nilidhani ni fahari."

"Fahari! Nilikuwa nasikiliza injini kama zote zinazunguka. Mimi mtu wa cherehani, mpaka injini za ndege nimezijua kwa sauti."

Wakacheka wote wawili, wakitikisika kama walevi, na mama mmoja aliyekuwa akipita na watoto wake akawavuta watoto upande mwingine. Kisha kicheko cha Tabrez kikageuka. Aliuficha uso magotini.

"Lakini niliipenda, Baba," alisema. "Niliipenda sana. Asubuhi mapema, ukiwa umepita mawingu, hakuna mtu..."

Baba akaweka mkono shingoni mwa mwanawe. "Huzunika," akasema. "Ni haki yako, sitakuambia unyamaze. Ila nawe usinikataze kufurahi. Leo kila mtu ashike lake."

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta, mmoja analia, mwingine anachekelea, na yeye ana chupa ya maji ya ndimu aliyokwenda kuitafuta uwanja mzima. Nyuma yake wakaja wengine, bibi akiwa ameshikwa mkono na Mahrukh. Baba alisema kwa maneno machache, kama kawaida yake: "Shakila, mtoto hatarusha ndege. Wamemtoa. Tumbo."

Tabrez alitarajia mama alie. Mama alishika kiuno.

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani, mama."

"Kabla ya Ramadhani! Yaani mwezi mzima mimi naamka kabla ya daku, nasoma Yasini yote, Mola mlinde mwanangu huko angani, Mola mshike mwanangu asianguke, kumbe mwanangu yuko chini amekaa kwenye kiti?" Alimpiga kwa ncha ya mtandio wake, begani, mara nyingi, bila nguvu. "Kwenye kiti! Magoti yangu yote yameota sugu kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kiti!" Halafu akamvuta kichwa akakikumbatia tumboni mwake, akakishikilia hapo hata Tabrez akakosa pumzi, naye akawa anasema peke yake, taratibu, "Yuko chini. Yuko chini mwanangu."

"Mimi nilijua," alisema bibi.

Wote wakamgeukia.

"Mtoto huyu alikuwa akitapika hata kwenye bembea. Mkimpandisha bembea, nguo zake mimi ndiye niliyezifua."

"Sasa mama, mbona hukusema alipokwenda kufanya mtihani wa jeshi?" baba akauliza.

"Nani aliniuliza?"

Mahrukh alianguka nyasini kwa kucheka. Shangazi Rifat alicheka hadi mtandio ukamteleza. Ni Mjomba Ishtiaq peke yake aliyekuwa hajasema kitu. Alikuwa amesogea hadi kwenye gurudumu la ile ndege ya mizigo, akaketi juu ya kizuizi chake cha mbao, ameikodolea macho simu mkononi. Kwenye simu hiyo kulikuwa na picha ya Tabrez katika sare, na soko zima la vitambaa la Multan, analofanyia biashara, lilikuwa limeshaonyeshwa.

Tabrez alijinasua mikononi mwa mama yake akamwendea.

"Nimekuaibisha, Mjomba. Mbele ya watu wote wale."

"Wewe?" Mjomba alisema bila kuinua macho. "Nani alikusukuma ndani ya lile sanduku? Uliniambia tafadhali. Nilikusikia. Nikajifanya sikusikia kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi." Alipenga pua kwa kishindo. "Nilipokuwa kijana nilikwenda kuomba hiyo kazi, hilo hulijui. Wakasema jicho la kushoto bovu. Basi nikajisemea, mpwa wangu ataniendea. Kumbe nilikuwa nimekupanda mgongoni muda wote, na mimi si mwepesi."

Tabrez aliketi chini karibu na miguu ya mjomba wake. Akamshika goti. Hania alikuja akajipenyeza katikati yao.

"Sasa utakuwa nani?" akauliza.

"Wamesema naweza kukaa kwenye mnara," Tabrez akajibu. "Sijakubali bado."

"Mnara wa msikiti?"

"Mnara wa uwanja wa ndege. Una vioo pande zote. Siku za ukungu, kama zile za Lahore, rubani akiwa juu haoni kitu, ni weupe mtupu. Haoni ardhi, haoni mwenzake. Basi anaita, na mtu wa mnarani anamjibu. Anamwambia geuka kidogo kulia, shuka, shuka tena, usiogope, nakuona. Anamleta hivyo hivyo kwa sauti mpaka magurudumu yaguse chini."

Alipomaliza aligundua kwamba wote wamenyamaza kumsikiliza, na kwamba maneno yale hakuyapanga. Yalikuwa yametoka yenyewe, kama yale ya asubuhi alipokuwa akieleza kuhusu Sabre. Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hiyo kazi," baba akasema polepole, "kuna mzee mahali fulani mtoto wake yuko juu kwenye ukungu."

"Wapo wengi, Baba."

"Basi kafanye."

"Nitafanya," alisema Tabrez. Kulisema ilikuwa rahisi hata akashangaa.

Mjomba aliinua kichwa. Uchangamfu ulikuwa umeanza kumrudia. "Ngoja kwanza. Rubani hashuki mpaka wewe umruhusu?"

"Hashuki."

"Hata akiwa mkubwa, mwenye nyota begani?"

"Hata yeye."

"Basi Multan nitawaambia umepandishwa cheo."

"Mjomba!"

"Ishtiaq!" mama akamkemea.

"Sawa, sawa. Nitawaambia ukweli." Alirudisha simu mfukoni. "Ila nitawaambia kidogo kidogo. Soko lile halipendi mshtuko."

Walitandika shuka pale pale chini ya bawa. Mama akagawa biriani iliyobaki. Tabrez alipewa wali mweupe na mtindi kwa ajili ya tumbo, akala, akaomba tena, akaongezewa. Baba alikula sahani mbili, jambo ambalo mama alilitazama bila kulitaja. Baada ya chakula, Mahrukh alimburuta kaka yake hadi kwenye ziwa dogo wakapanda mashua za kukanyaga kwa miguu, na Mjomba akakaa nyuma yao akipiga kelele kwamba wanakanyaga kinyume. Mashua iligonga ukingo. Hakuna aliyeumia. Bibi alilala kwenye kiti chini ya mwavuli aliouazima kwa familia nyingine, akaamka, akadai hakulala.

Jua lilipopungua wakajipakia tena kwenye Suzuki. Barabara ilikuwa imefungana, magari hayasogei, vijana wanachomoza vichwa madirishani wakipunga bendera za rangi zote. Safari hii bibi alikataa kukaa mbele. Alisema dereva ana mikono mizito, na yeye anataka kukaa nyuma na wajukuu. Tabrez aliketi kando yake. Kabla hawajafika mzunguko wa kwanza, kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwa bibi, mdomo wazi, akikoroma.

"Mwamshe, ataumia shingo," alisema Shangazi Rifat.

"Asiguswe na mtu," bibi akajibu, akamfunika uso kwa upindo wa mtandio wake ili taa za magari zisimsumbue.